Mahali pa Tukio Mbele ya Mahakama

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Natumaini kila mmoja ana daftari lake na kalamu, na kwamba mwalimu amekwisha andika ubaoni maneno matatu ya leo. Neno la kwanza ni ushahidi. La pili ni eneo la tukio. La tatu ni uhalisia pepe. Hilo la tatu ni geni kwa wengi wenu, lakini msiogope. Kabla ya kumaliza somo mtalijua maana yake, nanyi mtaweza kumweleza jirani.

Somo letu lina swali moja tu. Hakimu hakuwapo siku jambo lilipotendeka. Hakuona nani alisimama wapi. Pengine hajapata kufika kijiji hicho hata mara moja. Basi, atapajuaje mahali pale hata aweze kuamua kwa haki? Watu wamelijibu swali hili kwa njia mbalimbali, na historia ya majibu hayo ndiyo tutakayoifuata leo. Tutaanza na miguu, tutafika kwenye picha, na tutamaliza na kompyuta.

Tuanze na miguu. Nyinyi mnaolima migomba na kahawa mnaijua njia hii kuliko mimi. Mashamba mawili yamepakana, na katikati umepandwa mmea wa mpaka ambao huku kwetu huitwa omulamula. Siku moja jirani mmoja anasema mmea umehamishwa. Mwingine anakana. Wazee hawakai chini ya mti na kusikiliza maneno matupu. Huinuka, hushika fimbo zao, huenda shambani. Huko humwuliza mlalamikaji, "Tuonyeshe." Kisha humwuliza mlalamikiwa, "Na wewe tuonyeshe." Hutazama kama udongo umechimbuliwa karibuni, na kama shina ni la zamani au la juzi. Ardhi yenyewe nayo hutoa ushahidi.

Mahakama za serikali nazo zina njia hii, ila zimeiwekea masharti. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ambayo ilikuwa imeanzishwa mwaka uliotangulia, ilitoa uamuzi unaotajwa mahakamani hadi leo. Mahakama ilisema kwamba hakimu asiwe mwepesi wa kwenda kutazama mahali penye mgogoro. Afanye hivyo kwa nadra, pale tu ambapo pana haja. Kwa nini? Kwa sababu hakimu akienda peke yake na kujionea, anaweza kugeuka kuwa shahidi bila mwenyewe kutambua. Naye shahidi huyo hawezi kuulizwa maswali na mtu yeyote, maana ndiye anayeamua.

Kwa hiyo mahakama iliweka utaratibu. Sikilizeni vizuri, kwa kuwa tutaurudia mwishoni. Hakimu akienda, afuatane na pande zote mbili, na mawakili wao kama wapo, na mashahidi wanaohitajika. Yanayosemwa na kuonyeshwa pale yaandikwe. Wakirudi mahakamani, maandishi hayo yasomwe mbele ya wote, na kila upande upewe nafasi ya kusahihisha au kupinga. Naomba mwandike daftarini maneno manne: kwenda pamoja, kuandika, kusoma, kupinga.

Hiyo ndiyo njia ya miguu. Ni njia nzuri, lakini ina upungufu. Mvua hunyesha ikafuta nyayo. Nyumba hubomolewa. Watu hukusanyika mahali palipotendeka uovu, wakakanyaga kila kitu kwa huzuni au kwa udadisi. Hakimu akifika baada ya mwaka mzima, hakuti tena mahali pale pale. Jina la mahali limebaki, lakini mahali penyewe pamekwisha badilika.

Sasa tuingie katika picha. Katika karne ya 19 kamera zilianza kuenea Ulaya, na polisi waliona faida yake upesi. Mwaka 1893 mwanasheria mmoja wa Austria, jina lake Hans Gross, alichapisha kitabu cha kuwafundisha wapelelezi. Aliwataka wachunguze mahali pa tukio kwa utaratibu, wapime, wachore, wala wasitegemee kumbukumbu ya kichwa. Katika jiji la Paris alikuwako Alphonse Bertillon, mtumishi wa polisi aliyefariki mwaka 1914. Yeye aliweka kamera juu ya miguu mitatu mirefu, akapiga picha ya chumba kutoka juu. Tena picha zake zilikuwa na vipimo pembeni, ili mtu aweze kukadiria umbali kati ya kitu na kitu.

Mnaona maendeleo hayo? Hapo kwanza hakimu alikwenda mahali pa tukio. Sasa mahali pa tukio paliletwa kwa hakimu, katika karatasi. Lakini picha nayo ina upungufu wake. Picha huonyesha kile tu ambacho mpiga picha alielekezea kamera. Kilichokuwa nyuma ya mgongo wake hakimo. Kilichofichwa na mlango hakimo. Huwezi kuizunguka picha ukatazama upande wa pili.

Ndugu zangu, sasa tunafika katika sehemu nzito ya somo, nayo inatuhusu sisi tuishio karibu na mto Kagera. Naomba tuisikilize kwa heshima.

Mto Kagera ndio mpaka kati ya Kyerwa na nchi ya Rwanda. Mwaka 1994, kuanzia mwezi wa Aprili hadi Julai, mauaji ya kimbari yalitendeka Rwanda. Kwa muda wa siku mia hivi watu wanaokadiriwa kuwa 800,000 au zaidi waliuawa, wengi wao wakiwa Watutsi. Mto ulibeba maiti kwa maelfu hadi Ziwa Viktoria, na watu wa pwani ya Uganda walizivua na kuzizika. Tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa siku moja hivi, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Karagwe nayo ilipokea wakimbizi. Wazee mliomo darasani hamhitaji kusomewa habari hizo, maana mliyaona kwa macho.

Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliunda mahakama maalumu ya kuwahukumu wakubwa wa uhalifu ule. Makao yake yakawekwa Arusha, hapa hapa Tanzania. Hukumu yake ya kwanza ilitolewa tarehe 2 Septemba 1998. Mahakama hiyo ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2015, ikiwa imewashtaki watu 93.

Basi fikirini shida iliyowakabili majaji. Shahidi anasimama Arusha na kusema, "Nilikuwa nimejificha kilimani, nikamwona mshtakiwa amesimama karibu na kanisa." Mtetezi wa mshtakiwa anamwuliza, "Kutoka kilimani hadi kanisani ni mbali kiasi gani? Je, hapakuwa na miti katikati? Wawezaje kuutambua uso wa mtu kwa umbali huo?" Maswali hayo ni ya haki. Mtu aliyeponea chupuchupu anasema alivyoona. Mtu anayeweza kufungwa maisha naye ana haki ya kuuliza. Na kanisa linalosemwa liko nchi nyingine, mamia ya kilomita kutoka pale walipoketi.

Majaji walifanyaje? Katika kesi kadhaa walirudia njia ya miguu. Walisafiri kutoka Arusha hadi Rwanda, pamoja na waendesha mashtaka na watetezi, wakapanda vilima na kusimama pale mashahidi waliposema walisimama. Wataalamu nao walikuwa wametangulia. Mapema mwaka 1996, huko Kibuye kando ya Ziwa Kivu, walifukua kaburi la halaiki karibu na kanisa, wakatoa mabaki ya watu karibu 500. Hata mahakama za Ulaya zilifunga safari. Mwaka 2009 mahakama moja ya Finland, iliyokuwa ikimhukumu François Bazaramba, ilikwenda Rwanda kusikiliza mashahidi. Mwezi wa Juni 2010 ikamhukumu kifungo cha maisha.

Lakini safari za namna hiyo ni za gharama, na majaji hawawezi kurudi kila wanapokumbuka swali jipya. Tena miaka ilikuwa inapita. Mti uliokuwa mche mwaka 1994 umekuwa mkubwa. Nyumba iliyoziba njia imekwisha bomolewa. Hapo ndipo watu walianza kutafuta njia ya tatu, yaani kompyuta.

Njia hiyo hufanya kazi hivi. Kwanza, wapelelezi hupeleka mahali pa tukio chombo cha kupima kwa leza. Leza ni mwale mwembamba wa mwanga. Chombo kinatupa mwale, mwale unagonga ukuta, nao unarudi. Mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja, na chombo kinaweza kupima muda mdogo wa kwenda na kurudi, kikajua umbali wa ukuta. Hufanya hivyo mamilioni ya mara huku kikizunguka, na kila mara huweka nukta moja. Nukta zikiwa nyingi, chumba kizima huonekana katika kompyuta, pamoja na meza, dirisha na doa lililo sakafuni. Picha za kamera huongezwa ili kutia rangi.

Pili, hutumika miwani maalumu. Fanyeni jaribio dogo. Nyoosheni kidole mbele ya uso. Fumbeni jicho la kushoto, kisha mfumbue na kufumba la kulia. Mmeona? Kidole kimeruka kidogo. Kila jicho huona kwa pembe yake, na akili huunganisha picha mbili, ikapata kujua kilicho karibu na kilicho mbali. Miwani ile huonyesha kila jicho picha yake. Ukigeuza kichwa, picha nayo inageuka. Ukiinama, unaona chini ya meza. Wewe umeketi mahakamani, lakini macho yako yanakuambia umo ndani ya kile chumba. Kitu kinachofanana na halisi, nacho si halisi chenyewe: hiyo ndiyo maana ya uhalisia pepe.

Je, imekwisha tumika? Naam. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani wa utawala wa Hitler waliua watu wapatao milioni 1.1 katika kambi ya Auschwitz, nchini Poland. Miaka 70 baadaye walinzi wachache wa kambi hiyo walikuwa bado hai, na baadhi yao walisema hawakujua yaliyokuwa yakitendeka. Polisi wa jimbo la Bavaria, Ujerumani, walipima kwa leza majengo yaliyobaki, wakasoma ramani na picha za zamani, wakaijenga upya kambi nzima katika kompyuta. Waliweka hata miti, kwa kuwa mti huweza kumzuia mtu asione. Mpelelezi akivaa miwani aliweza kusimama katika mnara wa mlinzi na kujua mlinzi angeweza kuona nini. Mfano huo ulitumika katika kesi ya Reinhold Hanning mjini Detmold. Tarehe 17 Juni 2016, akiwa na umri wa miaka 94, alihukumiwa kifungo cha miaka 5. Alifariki mwaka uliofuata, kabla rufani yake haijaamuliwa.

Mwaka huo huo wa 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, huko The Hague, ilisikiliza kesi kutoka Afrika. Ahmad al-Faqi al-Mahdi alishtakiwa kwa kuharibu majengo ya kale ya Timbuktu, nchini Mali, mwaka 2012. Hapo haikutumika miwani. Ulitumika mfano katika skrini, uliounganisha picha za satelaiti, picha za ardhini na filamu, ili majaji waone kila jengo lilivyokuwa kabla na baada ya kubomolewa. Mshtakiwa alikiri kosa, akapewa kifungo cha miaka 9. Mwezi wa Machi 2018 mahakama moja ya Beijing, China, ilimvalisha shahidi miwani katika kesi ya mauaji, ili aonyeshe alichokiona.

Sasa nawaletea mfano wa mwisho, na huu ndio unaotutaka tufikiri. Mwezi wa Desemba 2024, katika jimbo la Florida, Marekani, mtu mmoja alishtakiwa kwa kuwatishia wenzake kwa bunduki. Alijitetea kwamba alikuwa akijilinda. Watetezi wake walitengeneza mfano wa tukio kama alivyolieleza yeye, na jaji akavaa miwani. Jaji aliyaona mambo kama kwa macho ya mshtakiwa.

Ndugu wanafunzi, mnaliona jambo linaloweza kukosewa hapo? Chombo cha leza kilipima ukuta, lakini hakuna leza inayopima yaliyopita. Kuta zinaweza kuwa za kweli kabisa, nao watu walioingizwa ndani ya chumba kwa mkono wa fundi wakawa wa kubuni. Ni nani aliyesema huyu alisogea hatua mbili? Ni nani aliyesema yule aliinua mkono? Kama ni mshtakiwa, basi hayo ni maneno ya mshtakiwa yaliyovikwa nguo nzuri. Kama ni polisi, ni maneno ya polisi. Maneno tunajua kuyatilia shaka. Tukionyeshwa kwa macho, twasahau kutia shaka. Wahenga walisema kuona ni kuamini. Katika jambo hili nawaomba mwone kwanza, kisha muulize.

Tena kuna suala la gharama. Mwenye fedha aweza kumlipa fundi amtengenezee mfano mzuri. Mkulima asiye na fedha atakuja na maneno yake na fimbo yake. Mizani ya haki isielemee upande wa mwenye chombo.

Dawa yake ni nini? Dawa tunayo, nayo ni ile ya mwaka 1980. Nilisema tutairudia. Kama hakimu anayekwenda shambani kwa miguu hana budi kufuatana na pande zote, basi hakimu anayekwenda kwa miwani naye afuatane na pande zote. Kila upande uonyeshwe kile alichokiona hakimu. Iandikwe ni nani aliyepima, lini, kwa chombo gani, na ni nini kilichoongezwa baada ya kupima. Maandishi hayo yasomwe wazi. Na kila upande uweze kusema, "Hapana, hapo palikuwa na mgomba, na mlango ulifunguka upande mwingine." Miguu imebadilika, lakini maneno yetu manne hayakubadilika: kwenda pamoja, kuandika, kusoma, kupinga.

Sheria yetu nayo imeanza kuitazama njia hiyo. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 ilitungwa kabla ya mambo haya. Lakini Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inasema kwamba ushahidi usikataliwe kwa sababu tu umo katika kompyuta. Pamoja na hayo inaitaka mahakama ipime kama njia iliyotumika kuutengeneza na kuutunza ni ya kutegemewa. Na mwaka 2021 zilitungwa kanuni za kusikiliza mashauri kwa mbali, mtu akiwa mji mmoja na hakimu mji mwingine.

Mtaniuliza, "Bwana Elimu, hayo yote yanatuhusu nini sisi wa Kimuli?" Yanawahusu kwa mambo mawili.

La kwanza, likitokea jambo baya kijijini, msikanyage mahali pale. Msioshe, msiokote, msisogeze. Mhudumieni aliye hai, maana uhai hutangulia. Kisha wazuieni watu kwa mbali mpaka polisi wafike. Leza, kamera na macho ya hakimu vyote huanzia pale. Mahali pakiharibiwa, hakuna chombo kitakachoparudisha.

La pili, jifunzeni kusoma kwa bidii. Baraza au mahakama ikija shambani kwako, mwisho wake patakuwa na karatasi. Ukiweza kuisoma, utajua kama yaliyoandikwa ndiyo uliyoyaonyesha. Usipoweza, utaweka dole gumba juu ya maneno ya mtu mwingine. Herufi mnazojifunza jioni hizi, baada ya kazi ya shamba na ya jikoni, ndizo zitakazowawezesha kutimiza yale maneno mawili ya mwisho: kusoma na kupinga.

Kabla ya kuagana, jadilianeni darasani maswali haya.

1. Kwa nini Mahakama ya Rufani haikutaka hakimu aende peke yake kutazama mahali penye mgogoro?

2. Picha ya kamera ina upungufu gani ambao mfano wa kompyuta unaweza kuuondoa?

3. Katika mfano wa kompyuta, ni kitu gani kilichopimwa, na ni kitu gani kilichosemwa na mtu? Toeni mfano mmoja mmoja.

4. Chagueni mahali mnapopajua nyote, kama vile kisima au njia panda. Kila mmoja apachore peke yake. Kisha linganisheni michoro. Ni ya nani iliyo sahihi, na mtajuaje?

Swali la nne lichukueni polepole. Mtashangaa kuona kwamba watu wanaopita njia moja kila siku huichora kwa namna mbalimbali, wala hakuna hata mmoja anayesema uongo. Mkishaona hivyo, mtaelewa kwa nini mahakama hutaka macho mengi. Kwaherini, na someni kwa bidii.